Aliyekimbizwa, Aliyesikiliza na Aliyejificha

Wapenda kuhukumu, leo kazi yenu ipo. Nina kesi iliyowashinda wenyewe wenye nayo. Nisikilizeni hadi mwisho, na tafadhali asichekwe mtu kabla sijanyamaza.

Walikuwepo vijana watatu pale Mbeya, waliosoma darasa moja na kumaliza sekondari mwaka mmoja. Kila Jumamosi mchana walikutana katika chumba cha gemu nyuma ya maduka ya vitambaa, chumba chenye kompyuta nane na mapazia mazito ya kuzuia jua lisipige vioo. Gemu waliyoipenda ilikuwa moja tu, ya kutisha, iitwayo Nyumba ya Zimwi.

Gemu yenyewe si ngumu kuielewa. Watu watatu wamo ndani ya jumba kubwa lenye giza. Wa nne ni Zimwi, na Zimwi hilo haliendeshwi na kompyuta. Ni mtu kama wewe, ameketi meza ya pili na ana akili zake. Wale watatu wakitaka kutoka, lazima wautafute mpini, waufikishe langoni, wauchomeke kwenye gurudumu la chuma na kulizungusha dakika nzima mpaka lango lifunguke. Akitoka hata mmoja kabla ya robo saa kwisha, timu nzima imeshinda. Wakikamatwa wote, au muda ukiisha, wameshindwa. Tena shikeni mambo mawili: anayebeba mpini, Zimwi humwona hata nyuma ya ukuta, na mara moja tu katika mchezo, Zimwi likisikia kelele laweza kuruka likatua papo hapo ilipotokea. Wenyewe huita ruka. Likishaitumia, basi, lililobaki ni miguu.

Sasa niwaeleze hao vijana.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, na kipaji chake kilikuwa kukimbizwa. Ndiyo, kukimbizwa. Wengine wakisikia kishindo cha Zimwi nyuma yao hupapatika wakajigonga ukutani. Gwakisa alianza kucheka. Alijua kila kona na kila dirisha la kurukia, na alikuwa na ujeuri wa kusimama kidogo ili Zimwi limkaribie, ndipo achomoke. "Kujificha ni kufa polepole," alizoea kusema. "Mimi niacheni nife mbioni."

Wa pili alikuwa Lusajo, na kipaji chake kilikuwa masikio. Miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, na kwenye giza la gemu ile alikuwa haoni sana. Lakini mvishe hedifoni, atakueleza: limekanyaga zulia, limesimama, sasa linapanda ngazi. Alijibanza pembeni akawaongoza wenzake taratibu, kama mtu anayemwelekeza dereva wa lori kurudi kinyumenyume.

Wa tatu alikuwa Bupe, msichana pekee kati yao, na kipaji chake kilikuwa kujificha. Huyu ndiye aliyenisimulia habari hii, kwa hiyo nitakaa upande wake zaidi. Akiingia kabatini au chini ya kitanda, utapita hapo mara kumi usimwone. Wenzake waliuita ustadi. Bupe alijua si ustadi. Tangu shuleni alichagua kukaa nyuma ya msichana mrefu kuliko wote ili jicho la mwalimu limruke. Kwenye gemu, Zimwi likisogea, vidole vilimfa ganzi. Alijificha kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya. Ila waliposema, "We Bupe, una roho ngumu!" yeye alitabasamu. Hakuwahi kuwasahihisha, na kila aliponyamaza uongo ule ulizidi kunenepa.

Mwezi wa saba, Mwalimu Ikupa, aliyewafundisha kompyuta shuleni, akaandaa mashindano ya Nyumba ya Zimwi. Zawadi ilikuwa nafasi ya kwenda Dar es Salaam miezi mitatu kujifunza kazi ya kutengeneza gemu, malazi na chakula juu ya wenyeji. Nafasi moja. Timu itakayoshinda ingemchagua mtu wake yenyewe.

Kila mmoja aliitamani. Gwakisa alikuwa akifungua matairi ya malori kwa mjomba wake, na alikwisha kuchoka kunuka grisi. Lusajo alikuwa na madaftari matatu ya michoro ya majumba na mapango, gemu alizozibuni mwenyewe kichwani. Bupe alimenya viazi kwenye kibanda cha chipsi cha dada yake, na alichokitaka maishani hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

"Tukishinda, anakwenda nani?" Lusajo aliuliza.

"Tushinde kwanza," Gwakisa akajibu. "Ya mbele tutayakuta mbele."

Wakashinda mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Fainali ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, chumba kimejaa watu mpaka kizingitini. Upande wa pili, Zimwi lilichezwa na dada mmoja kutoka Tunduma aliyeitwa Sekela. Alifika na mtoto mgongoni, akamfungua akampa mwenzake ampakate, akajifunga kanga vizuri, akawageukia wale watatu.

"Wadogo zangu, msiniogope," akasema kwa upole. "Nitawakamata taratibu."

Watu wakaangua kicheko. Bupe hakucheka.

Mpango wao ulikuwa hivi: Bupe ajifiche kwenye kabati lililo karibu na lango. Gwakisa autafute mpini, aulete mpaka pale, kisha alivute Zimwi liende mbali. Lusajo asikilize. Akisema "toka," Bupe atoke, azungushe gurudumu, awakomboe.

Sekela akavaa hedifoni zake, asisikie ya chumbani, na mchezo ukaanza.

Gwakisa aliupata mpini jikoni dakika ya tatu. Kuugusa tu, Zimwi likamwona na mbio zikaanza. Akakatiza sebuleni, akaruka dirishani, akauzunguka uwanja, akaingia tena kwa mlango wa nyuma. Mara mbili kucha zilimparura mgongoni na kioo chake kikageuka chekundu, naye anacheka. Dakika ya sita akapita langoni, akautupa mpini chini ya gurudumu bila kusimama, hatua tano tu kutoka kwenye kabati la Bupe, kisha akalivuta Zimwi likamfuata hadi ghorofani.

"Mpini uko chini!" akapaza sauti, anahema kama vile miguu yake mwenyewe ndiyo iliyokimbia. "Kazi kwako, Bupe!"

Lusajo alikuwa amejibanza kwenye stoo ya vyombo, mwisho kabisa wa jumba. Akatega sikio. "Linapanda ngazi. Limefika mwisho wa korido. Sasa. Bupe, toka."

Bupe hakutoka.

Mikono yake haikuwa kwenye kibodi. Alikuwa ameikalia. Kupitia ufa wa mlango wa kabati aliuona mpini ukiwa umelala sakafuni, karibu hivi. Akajiambia, nahesabu mpaka tano, natoka. Akahesabu mpaka tano. Akaanza tena moja.

"Bupe, toka! Njia nyeupe!"

"Hedifoni yake imeharibika?" mtu akauliza nyuma yake.

Haikuharibika. Alisikia kila neno.

Gwakisa akakimbizwa dakika tatu nyingine ambazo hazikuwa kwenye mpango. Akazimaliza kona zake zote, akaanza kurudia zilezile, na anayerudia kona humfundisha anayemfukuza. Kicheko kikamkauka. "Bupe, nakuomba," akasema. "Nakuomba bwana." Mwisho akashuka ngazi kwa kasi, akakata kushoto kwenye korido ya lango, moja kwa moja kuelekea kabatini, Zimwi likiwa kisogoni. Zilibaki hatua kama kumi, kucha zikamdaka. Kioo chake kikawa cheusi. Na sheria ya gemu ile ni kwamba aliyekamatwa haongei tena.

Sasa Zimwi limesimama kwenye korido ya Bupe. Linanusa mlango huu, linanusa ule. Lusajo alilisikia, na alijua kwamba yeye si mtu wa mbio.

"Bupe," akanong'ona, "nalitoa hapo. Kutoka huku stoo mpaka langoni, kwa miguu, linatumia sekunde sabini. Nimelipima. Shika hiyo, sabini."

Kisha akaiangusha rafu nzima ya sahani. Kelele zikajaa masikioni mwa wote. Zimwi likatumia ruka yake, likatua stoo, likamkuta Lusajo amesimama wima kama anayepokea mgeni. Kioo cha pili kikazima.

Akabaki Bupe peke yake, na bado hakutoka.

Zimwi likarudi kwa miguu. Likapita mbele ya kabati. Likaenda, likarudi, likapita tena. Kabati lile lina kasoro yake: aliyemo ndani akigusa mausi hata kidogo, mlango hulia. Haukulia. Likapita mara ya tatu. Mara ya nne likasimama, na Bupe akaona jicho lake kwenye ufa, akasahau hata kupumua. Likaondoka kuelekea kulekule stoo, kwenda kumtafuta Bupe kule alikokuwa Lusajo.

Hapo Bupe akageuza shingo, akamtazama Gwakisa aliyekuwa kiti cha pili. Gwakisa alikuwa ameivua hedifoni yake, ameiweka mezani polepole, anafuta jasho la viganja kwenye suruali. Hakumtazama. Angemtukana ingekuwa afadhali. Lusajo naye alikuwa ameinamia kibodi iliyokwisha kufa, kama mtu aliyefiwa. Bupe akahisi moto ukimpanda kutoka shingoni hadi kwenye ncha za masikio. Hofu haikuondoka, ilikuwa palepale. Ila aibu iliizidi nguvu. Akaichomoa mikono yake. Ilikuwa imekufa ganzi, akaipiga kwenye mapaja.

Akasubiri vishindo vififie kabisa. Zikiwa zimebaki sekunde themanini na tano, akatoka, akauokota mpini, akauchomeka, akazungusha. Gurudumu likalia jumba zima likasikia. Kule stoo Zimwi likageuka likaja mbio, na halikuwa na ruka tena. Bupe akahesabu kwa sauti, na chumba kizima kikahesabu naye. Hamsini. Hamsini na tano. Kwenye sitini lango likafunguka, akapita. Kucha zikafika, zikakamata hewa.

Chumba kikalipuka. Watu wakamnyanyua Bupe na kiti chake. "Roho ya chuma!" wakapiga kelele. "Ameganda kabatini kama jiwe! Huyu ni mtaalamu!" Kila kofi la pongezi lililotua mgongoni mwake lilimuuma kuliko kipigo. Alitaka kusema kitu, akaishia kutabasamu, lile tabasamu lake la siku zote.

Sekela akaja kuwapa mkono, mtoto wake ameshampakata.

"Hongereni. Mdogo wangu, nimepita mbele ya kabati lako mara nne. Nikasema hakuna binadamu anayeweza kutulia hivi, hayumo. Umenishinda." Kisha akawageukia wavulana. "Na niwaambie siri. Wakati ule kijana wenu ananizungusha ghorofani, nilimfukuza kivivu kwa makusudi. Ruka yangu nilikuwa ninayo bado. Nilikuwa nasubiri gurudumu lilie tu, nitue mgongoni kwa huyu binti. Angetoka wakati ule, mngekwisha wote."

Lusajo akaisukuma miwani yake juu. "Yaani angenisikiliza mimi..."

"Mngeshindwa," Sekela akasema, akaaga.

Mwalimu Ikupa akawapa fomu yenye mstari mmoja wa jina. "Amueni wenyewe, wanangu, kwa amani. Naitaka kabla sijafunga chumba."

Wakatoka nje, wakaketi juu ya kreti za soda nyuma ya maduka. Gwakisa hakukawia.

"Mimi nasema Bupe. Sisi tulimpigia kelele atoke, kumbe mwenzetu anajua ruka bado ipo. Amevumilia matusi yetu kimoyomoyo kwa faida ya timu. Aandike jina lake."

"Na mimi nasema Bupe," Lusajo akasema. Aliisema kwa shida kidogo, lakini aliisema. Akampa kalamu.

Ndugu zangu, hapo palikuwa pepesi. Ilikuwa ni kuandika herufi nne tu. Bupe akaiweka fomu pajani, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Wahenga wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na kweli, kicheko cha kule ndani kilikuwa bado kinasikika, na kilikuwa chake. Akajaribu kuandika. Mkono ukakataa.

"Sikujua chochote kuhusu ruka," akasema, akiitazama karatasi. "Sikuwaza chochote. Niliogopa. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu."

"Ulinisikia nikikuomba?" Gwakisa akauliza.

"Nilikusikia."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno. Na siku zote ni hivyo, Gwakisa. Sijawahi kujificha kwa ujanja. Ninyi ndio mliosema ni ujanja, na mimi nikawaachia mseme."

Gwakisa akasimama, akatembea hatua chache, akarudi. Watu walimzoea na ujeuri wake, lakini sasa uso ulikuwa umemshuka.

"Basi na mimi niseme langu, lisije likanioza tumboni," akasema. "Nilipokata kushoto kwenye ile korido, nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, sikuwa namwokoa mtu. Nilikuwa nakuletea Zimwi, Bupe. Kwa makusudi. Nilisema moyoni, akamatwe na yeye, ajue kukimbizwa kukoje. Lisingenidaka ningekufungulia lile kabati mwenyewe."

Bupe hakuona hasira. Aliona kwamba ndivyo alivyostahili, na hilo likamuumiza zaidi.

Lusajo alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa upindo wa shati. Akaivaa tena.

"Kama tunasema kweli, basi nabadilisha neno langu," akasema. "Mimi sina cha kuungama. Nilisema nitalitoa pale, nikalitoa. Nilijua nakamatwa, nikakubali. Kati yetu watatu, ni mimi peke yangu niliyefanya kile nilichokusudia kufanya. Nafasi hiyo naitaka, na naona ni yangu."

"Ungesikilizwa wewe, tungeshindwa!" Gwakisa akaruka. "Dada wa watu amesema mbele yako."

"Nilikosea, ndiyo. Kukosea ni tofauti na kumpeleka mwenzako akaliwe."

"Na mpini? Ungeufikisha langoni wewe, na miguu yako hiyo?"

"Nisingeweza. Na wewe, ungeimaliza ruka yake kwa nini, kwa kucheka?"

Wakakodoleana macho. Kisha wote wawili, kama walioambiana, wakamtazama Bupe, maana bila yule aliyeganda na baadaye akaganduka, mpini na sahani zote zisingemtoa mtu.

"Msiniandike mimi," Bupe akasema. "Gawaneni ninyi wawili. Mimi mniache."

"Unaona?" Lusajo akasema, na hakusema kwa ubaya. "Hata huko kukataa ni kujificha tena. Wewe ndiye uliyetoka langoni. Wewe ndiye unayetujua sote tulivyo. Jina liandike wewe, liwe la yeyote, na mimi nitalikubali."

"Nami nitalikubali," Gwakisa akasema, akaketi.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mwalimu Ikupa akachungulia, funguo zinalia mkononi. "Mmefikia wapi, wanangu?"

Bupe alikuwa na fomu pajani na kalamu mkononi, uso unamwaka, na safari hii hapakuwa na mtu mrefu wa kukaa nyuma yake.

Alikomea hapo kunisimulia. Nikamuuliza aliandika jina la nani. Akaniambia, "Nitakujibu ukishaniambia wewe ungemwandika nani." Mpaka leo nadaiwa jibu hilo.

Haya, mzigo nimeutua, ubebeni sasa. Yuko aliyekimbizwa: aliufikisha mpini kwa ushujaa, kisha akataka mwenzake aliwe. Yuko aliyesikiliza: alijitoa kwa moyo mweupe, lakini neno lake lingefuatwa wangeangamia. Na yuko aliyejificha: uoga wake ndio uliowaokoa, aibu yake ndiyo iliyofungua lango, na ulimi wake ndio uliousema ukweli wakati uongo ulikuwa umekwisha kumpa kila kitu.

Mstari ni mmoja na Mwalimu anangoja mlangoni. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?